Mimba haitungi: sababu, vipimo na matibabu, na pa kuanzia ukiwa Dzaleka au Lilongwe

Ukurasa huu ni kwa ajili yako uliyekaa kwenye ndoa mwaka mmoja, mitatu au saba bila kupata mtoto, na kwa ajili yako uliyepata mmoja kisha usipate tena. Ni kwa wakazi wa Kawale zote mbili, ile ya hapa kambini na ile ya mjini Lilongwe, na wa mitaa mingine yote. Ukiweza, usome pamoja na mwenzi wako.

Tuchukue mfano wa wanandoa ambao wahudumu wa afya wanawafahamu vizuri, kwa sababu huja tena na tena wakiwa na sura tofauti. Mke amehangaika miaka minne. Amekunywa mizizi, amefunga na kuomba, amepigwa picha ya tumbo mara tatu katika zahanati tofauti za mjini, kila mara kwa pesa iliyotoka kwenye biashara yake ya vitenge. Kila mara anaambiwa haonekani kuwa na tatizo. Mume hajawahi kupimwa hata siku moja. Anapokubali hatimaye, jibu linatoka haraka: hakuna mbegu. Miaka minne imekwisha, na jibu lilikuwa kwenye kipimo kilicho rahisi kuliko vyote.

Kwa hiyo tuliseme mapema. Ugumba ni jambo la miili miwili, na wote wawili hupimwa tangu mwanzo. Katika takriban nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume una mchango, peke yake au pamoja na tatizo la mke. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za kitandani na asiwe na mbegu za kutosha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya waume wengi waone kipimo kama tusi.

Neno moja juu ya maneno. Kiswahili chetu kina "tasa", ambalo hurushiwa mwanamke, na kina "mgumba", ambalo linaweza kumhusu yeyote. Hapa tunatumia "ugumba" kama wahudumu wa afya wanavyolitumia, yaani hali ya mwili inayoweza kuchunguzwa, na mara nyingi kutibiwa. Wala si hali ya watu wachache. Mwezi Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukutana na ugumba wakati fulani maishani, katika nchi tajiri na maskini karibu sawasawa.

Lini ni ugumba, na lini ni subira tu

Tunazungumza juu ya ugumba pale wanandoa wanapokutana kimwili mara kwa mara, bila kinga wala njia ya uzazi wa mpango, kwa miezi 12 na mimba isitunge. Katika wanandoa 100 walio na umri wa kuzaa, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu ya waliobaki huipata mwaka wa pili. Mkiwa na miezi mitano tu, bado hakuna ugonjwa.

Ila hesabu hiyo ina masharti. Miezi ambayo mume yuko Lilongwe akitafuta riziki na mke yuko Dzaleka haihesabiki. Mimba hutunga katika siku chache tu za mwezi: yai huishi kati ya saa 12 na 24 baada ya kutoka, na mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano. Ukijumlisha, dirisha ni kama siku sita. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Wengi hudhani ni siku ya 14 ya mzunguko kwa kila mwanamke, na sivyo. Mwenye mzunguko wa siku 28 huliachia karibu na siku ya 14, mwenye siku 32 karibu na siku ya 18, mwenye siku 25 karibu na siku ya 11. Kama hesabu inakuchosha, kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu na mtakuwa mmelipata dirisha bila kalenda.

Kuna pia sindano. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo, hutumiwa sana hapa Malawi, na wengi wanaoacha kuitumia huogopa kwamba "imeharibu kizazi". Haiharibu. Inachofanya ni kuchelewa kutoka mwilini: kwa wastani mimba hutunga karibu miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi ya hapo. Vidonge, kijiti na kitanzi havina ucheleweshaji wa namna hiyo.

Usingoje mwaka mzima katika hali hizi: mke ana miaka 35 au zaidi (nenda baada ya miezi sita), hedhi haiji au huja mara chache kwa mwaka, uliwahi kuugua tumbo la chini baada ya kujifungua au mimba kuharibika, au mume aliwahi kupasuliwa au kuumia korodani, au kuugua matubwitubwi akiwa mtu mzima.

Sababu kubwa ya upande wetu wa dunia

Ukisoma vitabu vilivyoandikwa Ulaya utakuta homoni zinatajwa kwanza. Kwetu hadithi ni nyingine kidogo. Utafiti mkubwa wa WHO uliofanywa katika nchi nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985, uliuliza kama Afrika ni tofauti. Uliona kwamba wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na mirija iliyoziba kwa maambukizi kuliko wanawake wa maeneo mengine.

Wasomaji wetu kutoka Kongo wana historia yao katika hili. Mtaalamu wa hesabu za watu Anatole Romaniuk, aliyeshiriki katika uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa Kongo katikati ya miaka ya 1950, alionyesha kwamba katika baadhi ya wilaya za kaskazini zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano alimaliza umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja. Wazee walisema ni laana au uchawi. Chanzo kikubwa kilikuwa kisonono na magonjwa mengine ya zinaa, na penisilini ilipoenea, uzazi uliongezeka.

Inavyotokea ni hivi. Kisonono (wengine huita sopisi) na klamidia huingia kupitia ukeni na kupanda hadi kwenye mji wa mimba na mirija, ile mifereji miwili myembamba ambamo yai na mbegu hukutana. Mwanamke wengi wao hawasikii kitu, au husikia maumivu kidogo chini ya kitovu na uchafu usio wa kawaida, kisha hali hupoa. Maambukizi yakitibiwa mapema, mirija hupona. Yakiachwa, hubaki makovu, na kovu ndani ya mrija mwembamba kama uzi ni sawa na kuta mbili zilizogandana. Hapo dawa ya kuua vijidudu huua vijidudu tu, kovu haliondoi. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dozi kumi za antibayotiki na mimba isitunge.

Maambukizi hayo hayatokani na zinaa peke yake. Mwanamke aliyejifungulia njiani akikimbia vita, bila maji safi wala mkunga, anaweza kuambukizwa mji wa mimba. Vivyo hivyo aliyeharibikiwa na mimba au aliyetolewa mimba kwa njia isiyo salama. Hii ndiyo sababu tunakutana na wanawake wengi waliozaa mtoto mmoja huko nyumbani kisha wakakaa miaka bila wa pili. Mtoto wa kwanza si ushahidi kwamba mambo yote ya mama ni sawa, wala si ushahidi kwamba tatizo ni la mume mpya. Na kama ulifanyiwa ukatili wa kijinsia, hata iwe ni miaka iliyopita, unaweza kumweleza mhudumu wa afya na kupimwa sasa. Si lazima useme kila kitu. Inatosha kusema, "Nililazimishwa, nataka kupimwa."

Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye mirija bila kikohozi chochote. Kichocho, ambacho watu hukipata wakioga au kufua katika maji yenye konokono kama ya kando ya Ziwa Malawi, kinaweza kuacha vidonda katika shingo ya kizazi na viungo vya uzazi, na mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Dawa yake, praziquantel, ipo na ni ya bei ndogo. Kama umeishi ufukweni, mwambie daktari. Huenda yeye asiulize.

Sababu nyingine za upande wa mwanamke tutazipita kwa haraka zaidi. Yai kutotoka kila mwezi: dalili yake kubwa ni hedhi isiyotabirika, na mara nyingine huambatana na chunusi na nywele kuota kidevuni. Tezi ya shingo kufanya kazi vibaya. Maziwa kutoka kwenye matiti ya mtu asiyenyonyesha, ambayo ni ishara ya homoni iliyozidi na ina dawa yake. Uvimbe wa mji wa mimba, ambao Wakongo wengi huuita miomu, huzuia mimba ukikaa ndani ya nafasi ya mji wa mimba. Wengi wana uvimbe huo na huzaa bila shida. Umri, ambao hauna dawa: baada ya miaka 35 mayai hupungua kwa wingi na kwa ubora, na baada ya 40 hupungua kwa kasi.

Upande wa mwanamume

Mbegu hutengenezwa katika korodani kwa muda wa takriban siku 70 hadi 75. Chochote kilichomgusa mwanamume miezi miwili au mitatu iliyopita, homa kali kwa mfano, huonekana kwenye kipimo cha leo. Mbegu zinaweza kuwa chache, dhaifu zisizoogelea, au zisiwepo kabisa. Zisipokuwepo, kuna maswali mawili: hazitengenezwi, au zinatengenezwa lakini njia imeziba? Njia huzibwa na yale yale yanayoziba mirija ya mke, yaani kisonono na klamidia zisizotibiwa.

Mishipa iliyovimba juu ya korodani, ambayo ukiishika ni kama mfuko wa minyoo, hupunguza mbegu kwa baadhi ya wanaume na inaweza kupasuliwa. Matubwitubwi baada ya kubalehe yanaweza kuharibu korodani. Korodani ambazo hazikushuka utotoni ni tatizo jingine, na ni vizuri kina mama wakague watoto wa kiume mapema. Pombe nyingi na sigara hudhoofisha mbegu. Kisha kuna sindano za homoni ya kiume ambazo vijana huchoma ili wapate misuli. Sindano hizo husimamisha utengenezaji wa mbegu, wakati mwingine kabisa, na inaweza kuchukua miezi mingi baada ya kuacha kabla mbegu kurudi.

Vipimo, na kwa nini mpangilio wake una maana

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya. Ukiwa kambini, ni Kituo cha Afya cha Dzaleka, kinachohudumia wakimbizi pamoja na Wamalawi wa vijiji vinavyozunguka. Ukiwa mjini, kituo cha afya cha serikali cha Kawale ni mlango huo huo. Hapo utaulizwa historia, utapimwa mimba, kaswende na VVU, na ukiwa na dalili za maambukizi utatibiwa, pamoja na mwenzi wako. Akitibiwa mmoja tu, mnarudishiana ugonjwa ndani ya wiki.

Tatizo likihitaji zaidi ya hapo, utapewa barua ya rufaa. Kutoka Dzaleka hatua inayofuata kwa kawaida ni hospitali ya wilaya ya Dowa, na juu yake Hospitali Kuu ya Kamuzu iliyoko Lilongwe. Kwa wakazi wa mjini, Bwaila ndiyo hospitali ya wilaya. Huduma katika hospitali za serikali hazitozwi. Hospitali za makanisa na za watu binafsi hutoza.

Kipimo cha mbegu kiombwe mapema kabisa. Waliosoma Kifaransa wanakijua kama spermogramu. Mume hukaa bila kukutana na mke wala kujichua kwa siku 2 hadi 7, kisha hutoa shahawa zote, bila kumwaga hata tone la mwanzo, ndani ya chupa safi ya maabara. Kondomu ya kawaida haifai kwa kukusanyia. Sampuli isipigwe na jua wala baridi na ifike mezani kwa mpimaji ndani ya saa moja, na ni bora ikiwa ndani ya nusu saa. Dzaleka iko zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, na minibasi husubiri ijae. Kwa hiyo usitoe sampuli nyumbani ukaibeba mjini. Itolewe pale pale maabara, hata kama chumba chenyewe hakivutii.

Majibu husomwaje? Kwa viwango vya WHO vya mwaka 2021, kiasi cha chini cha kawaida ni mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na angalau mbegu 42 kati ya 100 ziwe zinajongea. Kuwa chini kidogo ya hapo si hukumu. Wanaume wengi wa namna hiyo wana watoto. Kipimo kikiwa kibaya kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, maana mbegu za siku hiyo zitakuwa kizazi kipya.

Kwa mke, swali la kwanza ni kama yai linatoka. Hedhi inayokuja kila baada ya siku 24 hadi 35 bila kubabaika ni dalili nzuri. Kwa uhakika zaidi kuna kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni, kinachofanywa takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Hapa pia "siku ya 21" ni ya wenye mzunguko wa siku 28 tu. Ukipimwa siku isiyo yake, utaambiwa yai halitoki wakati linatoka.

Swali la pili ni mirija, na hapa pesa nyingi hupotea. Picha ya ultrasaundi huonyesha mji wa mimba, uvimbe na mayai, lakini haionyeshi kama mirija ya kawaida iko wazi. Ukiambiwa "mirija ni mizima" baada ya ultrasaundi ya kawaida peke yake, bado hujapimwa mirija. Kipimo chake ni eksirei maalumu: dawa inayoonekana kwenye picha hupitishwa kupitia shingo ya kizazi, nayo huenda hadi pale njia inapoishia. Hufanywa baada ya hedhi kukatika na kabla yai kutoka, kati ya siku ya 6 na ya 11 hivi, ili kusiwe na mimba changa ndani. Inauma kama maumivu makali ya hedhi, kwa dakika chache. Ukiwa na maambukizi yasitibiwe kwanza, kipimo hiki kinaweza kuyasukuma juu zaidi, kwa hiyo taja uchafu au maumivu yoyote uliyonayo. Picha utakayopewa itunze kama unavyotunza hati ya ukimbizi. Tumeona watu wakirudia kipimo hicho kwa sababu tu picha ilinyeshewa na mvua.

Matibabu yanayowezekana

Yai lisipotoka, kuna vidonge vya klomifini na letrozoli, vinavyomezwa siku chache mwanzoni mwa mzunguko. Ni miongoni mwa matibabu yenye matokeo mazuri kuliko yote, na pia ni miongoni mwa dawa zinazouzwa ovyo. Havizibui mirija wala haviongezi mbegu za mume. Kuvimeza kabla hujajua hali ya hayo mawili ni kujaza mafuta kwenye gari lisilo na magurudumu. Kati ya mimba 100 zinazopatikana kwa klomifini, kama 7 hadi 10 huwa za mapacha, kwa hiyo dawa hii itolewe na mhudumu atakayekufuatilia.

Wanawake wenye uzito mkubwa ambao hedhi yao imepotea wakati mwingine huanza kutoa yai baada ya kupunguza sehemu ndogo tu ya uzito. Mke aliyekonda kwa njaa naye hupoteza hedhi, na tangu mgao wa chakula uwe mdogo hilo si jambo la kubuni. Mueleze mhudumu unakula mara ngapi kwa siku.

Mirija iliyoziba inaweza kupasuliwa, lakini mafanikio hutegemea imeziba wapi na imeharibika kiasi gani. Na hapa kuna hatari ambayo kila mwanamke mwenye historia ya maambukizi anapaswa kuijua: mrija ulioharibika nusu unaweza kupitisha mbegu lakini ukalinasa yai lililorutubishwa, mimba ikakua nje ya mji wa mimba. Hedhi ikichelewa, kisha ukapata maumivu upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu, maumivu ya bega au damu kidogo, usilale nayo. Nenda kituo cha afya usiku huo huo. Mimba hiyo ikipasuka huua kwa kuvuja damu ndani.

Kuna uzazi wa kupandikiza, ambapo yai na mbegu hukutanishwa maabara. Mtoto wa kwanza duniani kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Ni njia ya kweli, na ni ya gharama kubwa mno. Tuwe wawazi ili usikae ukisubiri: fedha za rufaa za wakimbizi hupangwa kwanza kwa wagonjwa walio katika hatari ya kufa au kulemaa, na upandikizaji kwa kawaida haumo. Mtu akikuambia kuna orodha ya siri ya shirika unayoweza kuingizwa kwa kulipa, huyo ni mwizi. Huduma za mashirika ya kibinadamu hazilipiwi.

Kama mmoja wenu au nyote mna VVU, bado mnaweza kupata mtoto. Mwenye kumeza dawa kila siku na ambaye kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Malawi ndiyo nchi iliyotangulia, mwaka 2011, kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yote bila kusubiri kipimo cha kinga. Kabla ya kuacha kondomu, ongea na mhudumu wa kliniki ya dawa.

Yale ya kukataa

"Kusafisha kizazi" ndilo la kwanza. Kukwangua mji wa mimba ni tiba ya mabaki ya mimba iliyoharibika na ya matatizo mengine machache. Si tiba ya ugumba, kwa sababu mji wa mimba hauchafuki kama sufuria; hedhi huusafisha kila mwezi. Kukwangua bila sababu kunaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta zake, na hapo aliyekuwa mzima anakuwa mgonjwa. Dawa za kuweka ukeni, ziwe za majani au za unga, huchubua na kufungua njia ya maambukizi.

Maombi na ushauri wa wazee hatuna ugomvi navyo. Ila mchungaji au sing'anga akikuambia uache dawa za VVU au za kifua kikuu ili "muujiza ukamilike", usimsikilize.

Na liko lile la fisi. Neno ni moja kwa Kichewa na kwa Kiswahili: katika baadhi ya jamii za Malawi, familia yenye mume asiyezaa humleta mwanamume mwingine kwa siri usiku. Wakimbizi wamelisikia, na wengine hulishauri chini kwa chini. Sheria ya Usawa wa Jinsia ya Malawi ya mwaka 2013 inakataza mila zenye madhara, na mwanamke anayelazimishwa anaingizwa kwenye hatari ya VVU na ya maambukizi yale yale yanayoziba mirija. Ukilazimishwa, au ukipigwa au kufukuzwa nyumbani kwa sababu huna mtoto, hilo ni suala la ulinzi. Lifikishe kwa wahudumu wa ulinzi kambini au polisi, na huna haja ya kungoja majibu ya hospitali.

Siku ya kwenda

Nendeni wawili. Kama mume hawezi siku hiyo, mke aende na aombe barua ya mume ya kipimo. Beba kile kitabu kidogo cha hospitali, picha na majibu yote ya zamani, hata yaliyoandikwa kwa Kifaransa, na tarehe za hedhi za miezi mitatu au minne zilizoandikwa kwenye karatasi. Kama ulikuwa ukitibiwa mjini kabla ya amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi warudi Dzaleka, peleka kumbukumbu hizo badala ya kuanza upya. Ukipewa rufaa, ulizia kibali cha kutoka kambini na usafiri siku hiyo hiyo, si asubuhi ya safari.

Unaweza kuomba mkalimani, na mwanamke anaweza kuomba mkalimani mwanamke. Ukimfahamu mkalimani kama jirani yako na hutaki asikie, sema, na uombe mwingine. Asipopatikana yeyote, sentensi mbili za Kichewa zitakufungulia mlango: "Sindikutenga mimba", yaani sipati mimba, na "Tikufuna kuyezetsa tonse awiri", yaani tunataka kupimwa sote wawili.